Tangazo la Maradhi na Amri ya Nane

Tungali watoto tulifundishwa matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho, nasi tukayasema kwa sauti moja mbele ya katekista mpaka yakakaa kichwani. Kuwatazama wagonjwa ni tendo la mwili. Kuwazika wafu ni tendo la mwili. Kuwafundisha wasiojua ni tendo la roho. Wengi wetu tumezoea kuyaona haya kuwa mambo mbalimbali, kila moja na siku yake: leo twaenda hospitali na machungwa mkononi, kesho twaenda makaburini na jembe, na mafundisho twamwachia mwalimu. Walakini kuna wakati ambapo matendo hayo matatu huungana yakawa tendo moja, nao ni wakati wa maradhi ya kuambukiza. Hapo mgonjwa hawezi kutazamwa vema, wala maiti kuzikwa vema, ila na watu waliokwisha kufundishwa. Na fundisho lenyewe aghalabu huja katika umbo dogo lisilo na fahari: karatasi iliyobandikwa mlangoni pa zahanati, maneno machache ya redioni kabla ya habari, tangazo lisomwalo na katibu wa parokia baada ya Komunyo, watu wakiwa wamekwisha kuanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi.

Twapenda kusema juu ya karatasi hiyo. Huenda ikaonekana ni jambo hafifu kwa ukurasa huu. Sisi twalihesabu kuwa zito, kwa sababu katika siku za maradhi amri mbili za Mungu hukaa karibu sana. Amri ya tano yatukataza kuua. Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Siku za kawaida mtu aweza kuivunja ya nane asiiguse ya tano. Akadanganya juu ya bei ya mbuzi, akaungama, akarudisha fedha, mambo yakaisha. Siku za kipindupindu au za Ebola haiwezekani. Aliyesema uongo juu ya maji ya kisima, na aliyenyamaza alipopaswa kusema, na aliyesema kweli kwa maneno ambayo hakuna aliyeyafahamu, wote watatu hawajui ni nyumba ngapi zimelia kwa sababu yao.

Tuanze na jirani zetu wa Kongo ya mashariki, ambao husema Kiswahili kama sisi, na wengi wao ni Wakatoliki kama sisi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali yao ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, katika mji mdogo wa Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ukaenea mpaka Butembo na Katwa na sehemu za Ituri, ukafika Goma mwezi Julai 2019, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Walioupata walihesabiwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Hesabu hiyo yasikitisha zaidi mtu akikumbuka kwamba safari ile waganga hawakwenda mikono mitupu. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Tangu Agosti 2019 ilijulikana pia ya kwamba dawa mbili mpya huwaponya wengi katika wale wanaofika kituoni mapema. Lakini mtu hafiki mapema mahali asipopaamini.

Mwezi Septemba 2018 wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo mawazo yao. Mmoja katika kila wanne hivi alisema Ebola haipo. Waliowaamini viongozi wa mahali pao kwamba wawatakia mema hawakufika theluthi moja. Mtu aliye mbali aweza kucheka na kusema, ujinga gani huu? Sisi hatuthubutu kucheka. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa katika vijiji vyao tangu mwaka 2014, na walipolia hawakuona msafara wa magari. Ilipoingia Ebola magari yakaja, na fedha zikaja, na askari wa kuyalinda magari. Mwezi Desemba 2018 wakaambiwa kwamba kwa ajili ya ugonjwa na usalama hawatapiga kura pamoja na wananchi wenzao. Na masoko yalikuwa wazi, na makanisa yalikuwa wazi. Hata jina la kazi yenyewe, neno la Kifaransa ‘riposte’ ambalo kila mtu alilitumia, lina harufu ya vita, maana ndilo neno la kumrudishia adui pigo. Kwa watu waliochoka na bunduki, hao waliokuja kupiga vita na ugonjwa walionekana kuwa jeshi jingine. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mwezi Aprili daktari mmoja aliuawa akiwa kazini katika hospitali ya Butembo. Mwezi Novemba mwaka ule ule mtangazaji wa redio ya wananchi huko Ituri, ambaye alikuwa akiwafundisha wenzake habari za ugonjwa huo, aliuawa nyumbani kwake usiku.

Hakuna manung’uniko yawezayo kuihalalisha damu hiyo, nasi twaitaja kwa heshima ya waliomwagiwa. Lakini twauliza, na zile karatasi je? Zilikuwapo tele. Watafiti wa lugha waliokwenda huko mwaka 2019 waliona kwamba nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, ambacho mama muuza mihogo hakisomi, au kwa Kiswahili cha vitabu, ambacho si Kiswahili cha soko la Beni. Wengi, na hasa akina mama wazee, walitaka waelezwe kwa Kinande au kwa Kiswahili chao wenyewe cha nyumbani. Hata waliosimama kueleza kwa mdomo mara nyingi waliyaacha maneno ya kiganga katika Kifaransa, yakabaki kama mawe katika mchele.

Twawaomba wasomaji wasilipite neno hili upesi, maana latuhusu sisi tunaojivunia Kiswahili. Tumezoea kudhani kwamba kitu kikisha kuandikwa kwa Kiswahili kimekwisha kueleweka na taifa zima. Si hivyo. Iko Kiswahili ya ofisini ambayo mtu wa kijijini huisikia kama anavyosikia mvua juu ya bati: ajua inanyesha, hajui inasema nini. Mtume Paulo, alipowaonya Wakorinto juu ya kunena kwa lugha zisizofahamika, aliwapa mfano wa tarumbeta ya vita ambayo sauti yake haitambulikani. Askari hawezi kujiweka tayari kwa sauti ya namna hiyo. Na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwakusanya watu chini ya lugha moja iliyo bora kuliko zote. Kila mgeni aliyekuwa Yerusalemu alisikia kwa lugha ya kwao, ile aliyozaliwa nayo.

Tulikuwa na mtihani wetu wenyewe. Tarehe 21 Machi 2023 serikali yetu ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, ni Marburg. Siku chache kabla ya hapo wananchi walikuwa wameambiwa tu kwamba kuna ugonjwa usiojulikana. Sasa ukapata jina, lakini jina lenyewe ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Bibi wa Kihaya akiambiwa ‘Marburg’ hakuambiwa kitu. Hakuambiwa kwamba hatari imo katika damu, matapiko na jasho la mgonjwa. Hakuambiwa juu ya popo wakaao mapangoni. Lakini mtu akikaa naye barazani, akamwambia kwa Kihaya kwamba mwanawe akishikwa na homa na kutapika asimshike kwa mikono mitupu, bali amwite mganga wa zahanati kwanza, huyo amempa neno la kuishi nalo. Waliougua walihesabiwa 9, na 6 walikufa, mmoja wao akiwa mtumishi wa afya. Moto ulizimwa ungali mdogo, na sifa ni ya wauguzi na ya wale waliotembea nyumba kwa nyumba, wakiuliza na kueleza, wakirudi kesho kuuliza tena.

Sasa twafika mahali pagumu kuliko pote, nalo ni kaburi. Kitabu cha Tobiti chatusimulia habari ya mzee yule aliyeondoka mezani, chakula hajakigusa, akaenda kuichukua maiti ya ndugu wa taifa lake iliyotupwa, akaificha hata jua likachwa, akaizika. Majirani walimdhihaki. Tumelelewa katika hadithi hiyo. Tena mila zetu zilitufundisha hivyo hata kabla ya mapadre kufika: maiti huoshwa na mikono ya watu wake, huvikwa, hukeshewa. Kwa hiyo tangazo lisemalo ‘Msiguse maiti’ si tangazo kama la kunawa mikono. Lamwambia mtoto amwache mamaye. Anayeliandika ofisini bila kutetemeka kidogo, hajalielewa aliloliandika.

Yaliyotokea Guinea, Liberia na Sierra Leone tangu mwaka 2014, ambako Ebola iliua watu zaidi ya 11,000, yametuachia fundisho. Ni kweli kwamba mazishi yalieneza ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba si chini ya watu 20 katika kila 100 walioambukizwa waliupata mazishini. Lakini mwanzoni watu waliovaa mavazi meupe, nyuso zao hazionekani, waliingia nyumbani, wakaitia maiti katika mfuko wa plastiki, wakaondoka nayo, na mara nyingi ndugu hawakujua imezikwa wapi. Mjini Monrovia serikali iliamuru maiti zichomwe moto. Matokeo yalikuwa yale ambayo mtu ye yote mwenye mama angaliweza kuyatabiri: watu waliwaficha wagonjwa wao, wakawazika wafu wao usiku kwa mikono yao, na ugonjwa ukazidi. Basi tarehe 7 Novemba 2014 ilitolewa taratibu mpya ya mazishi, iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Msalaba Mwekundu na mashirika ya dini, ya Wakristu na ya Waislamu, na Caritas yetu ikiwamo. Katazo la kugusa halikuondolewa. Kilichoongezwa ni heshima. Jamaa waulizwe kwanza, kabla mtu hajaingia chumbani. Padre, mchungaji au shehe aalikwe kusali. Ndugu wasimame kwa mbali, waone kwa macho yao. Kaburi liwe na jina.

Angalieni, wasomaji, jinsi jambo lenyewe lilivyobaki lile lile, na lilivyogeuka kabisa. Tobiti angaliweza kuitii taratibu hiyo. Ile ya kwanza asingaliitii, na sisi hatuna hakika kama tungalimlaumu.

Huko Beni nako, katika maradhi tuliyokwisha kuyasimulia, palitokea jambo dogo lililotufurahisha. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ndani ya mahema ya matibabu watu hukatwa viungo vyao vikauzwa. Ungeweza kubandika karatasi elfu za kukanusha. Shirika moja la waganga lilijenga vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa akalala ndani, na mama yake akaja akasimama nje, akamwona akinywa uji, akazungumza naye. Uvumi hauwezi kushindana na mama aliyeona.

Katazo peke yake ni nusu ya neno. Hiyo ndiyo kasoro tunayoiona katika matangazo mengi, hata ya nchini mwetu: yamejaa ‘usi’ na ‘msi’, hayasemi ‘fanya hivi’. Katika Afrika Magharibi matangazo ya kwanza yalikaza kusema kwamba Ebola huua na haina dawa. Nia ilikuwa kuwaogofya watu ili wajihadhari. Lakini mtu mwenye akili timamu akiambiwa kwamba hakuna dawa, aende kituoni kufanya nini? Akabaki nyumbani, afe mikononi mwa watu wake, na hao watu wake wakafuata.

Kadhalika kipindupindu. Kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kikaenda mikoani na kudumu kwa miaka kadhaa, mafundisho yalikuwa mema: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, chemsha maji ya kunywa, tumia choo. Lakini maji yatatiririka kutoka wapi, ikiwa mama ananunua ndoo kwa fedha na bomba la karibu limekauka tangu Pasaka? Tangazo lililo na huruma humwonyesha jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu bovu, kamba na kijiti cha kukanyagia, ili maji kidogo yatoshe mikono mingi. Nalo humwambia kwamba mwenye kuharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini, na kwamba paketi za ORS zapatikana zahanati. Na kama usiku umeingia na paketi haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, vyaweza kumwanzishia safari mpaka kesho afike kwa mganga. Hayo ni maneno ya kufanyiwa kazi. Kila mama anayeyajua aweza kumwokoa mtoto wa jirani.

Tumesema juu ya maneno yasiyoeleweka na ya maneno yasiyo na huruma. Yabaki kusema juu ya kunyamaza. Hatuandiki haya kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu makaburi yenyewe yapo. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi Machi 2020, hesabu za wagonjwa zilitangazwa kwa majuma machache, na tangu Mei mwaka ule hazikutangazwa tena kwa muda wa mwaka na zaidi. Watu waliambiwa kwamba ugonjwa umeondoka. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwaonya waamini kwamba wimbi jipya lapita, wakae katika tahadhari. Na mwezi Machi katibu wake alisema hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike wapatao 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na shida ya kupumua. Maneno hayo hayakuwa ya siasa. Baba wa nyumba akiona nyoka ameingia chumba cha watoto, hangoji kuulizwa. Baadaye, katika mwaka huo huo, serikali ilirudi kutangaza hesabu, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya wananchi. Twadhani wengi walijifunza zaidi siku ile, kwa kuutazama mkono ule na sindano ile, kuliko kwa hotuba zote.

Mwenye mamlaka anapoficha ugonjwa, aghalabu hujitetea kwamba hataki kuwatia watu hofu. Twamjibu kwa adabu kwamba hofu haikosi kuja. Ikimkuta mtu ana habari za kweli humfanya mwangalifu. Ikimkuta hana, humtupa kwa waganga wa uongo.

Na hao hawakosi. Kila ugonjwa una soko lake: mafuta ya upako, maji yaliyoombewa na nabii wa jana, mizizi iponyayo yote kuanzia malaria hadi ukosefu wa kazi. Kanisa halikudharau maombi kamwe. Lasali, lawapaka wagonjwa mafuta matakatifu, na laamini kwamba Mungu huponya. Lakini Yoshua bin Sira alitufundisha zamani kwamba mganga na dawa za ardhini vimeumbwa na Mungu yule yule, na mwenye busara havidharau. Asemaye ‘acha dawa, sali tu’ amemnyang’anya Mungu mkono wake mmoja. Mwaka 2020 maaskofu na mapadre wengi waliwaagiza waamini kupeana amani bila kushikana mikono, na kuyaondoa maji ya baraka milangoni. Watu wengine walinung’unika kwamba imani imepungua. Sisi twaona kwamba kumwepusha jirani na kifo ni kumpa amani iliyo kubwa kuliko ya kiganja.

Kisha kuna uongo wetu wenyewe, ule wa simu za mkononi. Habari yaingia usiku: chanjo imeletwa kuwafanya vijana tasa, daktari fulani, asiyetajwa hospitali yake, amesema vitunguu saumu vyatosha. Mpokeaji hajui kama ni kweli. Lakini aituma kwa shangazi, na kwa kwaya, na kwa jumuiya ndogo ndogo nzima, tena kwa jina la upendo, ‘ili nanyi mjue’. Kama angalikuwa amepewa noti ya shilingi elfu kumi asiyoiamini, angaliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akamwuliza mwenye duka. Kwa neno lililo na uzima wa watu ndani yake haulizi. Twawasihi wazazi wayaseme haya mezani, na mapadre wayataje wanapowasaidia watu kuichunguza dhamiri kabla ya kitubio, maana wengi hawajui kabisa kwamba jambo hilo lina nafasi katika amri ya nane.

Nani basi alisome tangazo? Hili ni swali la kweli, wala jibu si ‘mwenye cheo’. Katika Kivu ya Kaskazini waliosikilizwa kwa moyo walikuwa wale waliougua wakapona. Wengine wao walifanya kazi ya kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa vituoni. Twakumbuka pia habari ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Katika miaka ile watu wa kampeni ya kufuta ndui walitembea sokoni na shuleni wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto aliyejaa vipele, wakiuliza tu: mmemwona mtu wa namna hii? Kadi ile haikuhitaji msomi. Mwezi Oktoba 1977 Maalin akashikwa na ndui, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alipona. Hakuwa amechanjwa, kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Miaka mingi baadaye aliingia katika kazi ya kuitokomeza polio, akawa akienda kwa wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia habari zake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, angali katika kazi hiyo.

Kila parokia ina mtu wake wa namna hiyo: mkunga mstaafu, mzee aliyenusurika kipindupindu, mwalimu asiyedanganya juu ya michango. Mpeni yeye karatasi. Aisome kwanza peke yake, aulize asichokielewa, kisha ayaseme kwa lugha ya mahali mambo matatu au manne, si kumi na mawili. Baadaye watu wamwulize maswali papo hapo nje ya kanisa. Wale wasiojua kusoma, na viziwi, na wazee wasiotoka nyumbani, wapelekewe na wanajumuiya wanaowapelekea chakula.

Na jambo moja la mwisho, ambalo halisemwi na watu wengi. Ugonjwa kama Marburg au Ebola hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa waweza kujificha mwilini. Kwa Kagera siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Juni 2023. Habari za kuingia kwake zilisikika kila nyumba. Za kwisha kwake zilisikiwa na wachache mno. Na mpaka watu wasikie, mjane wa marehemu hauzi ndizi zake, watoto wake hukaa peke yao shuleni, na waliopona hupishwa njiani. Karatasi ya zamani hubaki ukutani, imepauka kwa jua, ikiendelea kuonya juu ya kijiji kilichokwisha kupona. Twaomba makatibu wa parokia waandike tarehe juu ya kila tangazo walibandikalo, waliondoe siku yake ikiisha, na mahali pale pale, kwa maandishi makubwa kama yale ya kwanza, wabandike kwamba ugonjwa umekwisha, na tangazo hilo nalo lisomwe baada ya Komunyo.